Majani ya kiwanja kile yatakatwa mara ngapi?

Mzee aliuliza akiwa amekaa. Alikuwa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango wa ukumbi wa kanisa, kofia juu ya goti, binti yake kando akimtafsiria maneno ya wagombea kwa sauti ya chini. Wagombea wa Kamisheni ya Jiji, yaani baraza linaloongoza jiji letu la Dayton huku Marekani, walikuwa wameshazungumza zaidi ya saa nzima kuhusu nakisi ya bajeti: jinsi mapato ya jiji yanavyobaki nyuma ya matumizi, nani alilisababisha pengo hilo, nani atalifunika. Zamu yake ilipofika, akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira, Kongo, "Majani ya kiwanja chenye kuwa pembeni ya nyumba yangu, mwaka wenye kuja mutakata mara ngapi?"

Binti akatafsiri. Wagombea wakatazamana. Mmoja akamshukuru kwa swali, akarudi kwenye hotuba yake ya uwajibikaji. Wa pili akaahidi kwamba kila mtaa utapendeza. Wa tatu, mama wa makamo aliyekuwa amezungumza kidogo kuliko wote, akaandika kitu kwenye daftari lake. Akasema idadi haijui. Kisha akaongeza: nikiahidi hapa kwamba sitagusa polisi wala zimamoto, kazi kama hiyo ya kukata majani ndiyo itakayopunguzwa kwanza, na sitaki kukudanganya, baba.

Imepita miaka michache sasa. Hotuba zote za usiku ule nimezisahau, ila swali la mzee na jibu la yule mama ninavyo. Na kila msimu wa uchaguzi ukirudi, watu wanaponipigia simu kuuliza, "Mama Neema, tumchague nani?", huwa narudi kwenye majani yale.

Tuko Dayton, Ohio. Waswahili tupo wa kutosha: Wakongo ndio wengi, wapo Warundi na Wanyarwanda, tupo Watanzania na Wakenya wachache. Mimi ni mtu wa Tanga, nilikuja kwa ile bahati nasibu ya viza, na nimeshakaa hapa muda wa kutosha kuwa mwenyeji. Siku za mwanzo nilishangaa kuona mashine za jiji zikikata majani kwenye viwanja visivyo na mtu. Nikajiuliza, hivi mwenye kiwanja yuko wapi?

Jibu lake ndiyo historia ya bajeti yenyewe. Mwaka 1960 jiji hili lilikuwa na watu 262,332. Sensa ya 2020 ilihesabu 137,644. Yaani karibu nusu ya watu wameondoka, lakini barabara hazikuondoka nao. Mabomba ya maji yako palepale ardhini, taa za barabarani zipo, vituo vya zimamoto vipo, na mtaa wenye nyumba nne zenye watu na sita tupu unahitaji lami ileile uliyohitaji zilipokuwa zimejaa zote kumi. Kiwanda cha magari cha General Motors kilichokuwa Moraine, jirani kabisa na hapa, kilifungwa Desemba 2008. Mwaka uliofuata NCR, kampuni iliyozaliwa Dayton na kuilea Dayton kwa zaidi ya karne, ikatangaza kuhamia Georgia. Wakati huohuo benki zilikuwa zikitwaa nyumba za watu walioshindwa kulipa mikopo. Nyumba zikabaki mahame, jiji likawa linazibomoa moja baada ya nyingine, na kila inapobomolewa kinabaki kiwanja. Kiwanja kinaota majani. Majani yasipokatwa, panya wanaingia, takataka zinatupwa usiku, na nyumba ya jirani inashuka bei. Jirani ndiye mzee wetu.

Kwa hiyo swali lake halikuwa dogo kama baadhi yetu tulivyodhani pale ukumbini. Mtu anayetaka kusimamia jiji hili akijua majani yanakatwa kwa fedha za fungu gani, anajua mengi.

Nieleze kidogo utaratibu wa hapa, maana wengi wetu tunauchanganya na wa nyumbani. Kamisheni ya Dayton ina watu watano: meya na makamishna wanne. Wote huchaguliwa na jiji zima kwa miaka minne, hakuna kata, na kwenye karatasi ya kura hakuna jina la chama. Meya ana kura moja kama wenzake. Hao watano humwajiri meneja wa jiji, ambaye ndiye anayeandaa bajeti na kuendesha idara. Mtanzania akitaka mfano, amfikirie mkurugenzi wa halmashauri, ila huyu hateuliwi na rais. Ameajiriwa na hao watano, na hao watano wanaweza kumfukuza.

Mtindo huu ulizaliwa na maafa. Galveston, Texas, ilipobomolewa na kimbunga mwaka 1900, ndiyo iliyoanza kuwakabidhi watu wachache kamisheni ya kuendesha mji. Dayton ikapigwa na mafuriko Machi 1913. Mto Great Miami ulifurika hadi katikati ya jiji, watu wakapanda darini wakingoja mitumbwi, na zaidi ya watu 300 wakafa katika bonde zima. Mwaka huohuo wapiga kura wakapitisha katiba mpya ya jiji, na ilipofika Januari 1914 Dayton ikawa jiji kubwa la kwanza Marekani kuwa na kamisheni yenye meneja wa kuajiriwa.

Ila kuna jambo lililonigusa zaidi ya hilo. Kabla maji hayajasahaulika, wakazi walichanga zaidi ya dola milioni 2, fedha za wakati ule, ili yajengwe mabwawa ya kuzuia mto usirudi. Waliahidi wakiwa darini, wakalipa waliposhuka. Mabwawa matano yalikamilika mwaka 1922 na yanaulinda mji mpaka leo. Mimi niliyekulia kwenye michango ya harusi na misiba nilisoma habari hiyo nikajiona niko kwetu.

Sasa nakisi. Kwa sheria za Ohio, jiji haliruhusiwi kupitisha bajeti inayozidi fedha zilizothibitishwa kuwapo. Kwa hiyo mgombea anaposema "tuna nakisi ya mamilioni", mara nyingi anazungumzia pengo linalotabiriwa: tukiendelea hivi, mwaka kesho au kesho kutwa fedha hazitatosha. Pengo hilo lazima lifungwe kabla mwaka haujaanza. Linafungwa kwa akiba, au kwa kupunguza, au kwa kuongeza mapato. Lipo na lile la kujifanya hulioni, yaani kuahirisha lami, kuahirisha paa la kituo cha vijana, kuahirisha gari jipya la zimamoto, na vitabu vikasoma sawasawa.

Mtego mkubwa uko kwenye mapato. Dayton hulipiwa zaidi na kodi ya mishahara, asilimia 2.5, yaani dola 25 katika kila 1,000 unazopata kwa kufanya kazi ndani ya mipaka ya jiji. Ukisoma karatasi yako ya mshahara utaiona. Kodi hiyo hufuata mahali unapofanyia kazi. Hapo ndipo maumivu yalipo: mwajiri mkubwa kuliko wote katika eneo letu, kambi ya jeshi la anga ya Wright-Patterson yenye zaidi ya watu 30,000, iko nje ya mpaka. Mwaka 2018 hospitali ya Good Samaritan ya kaskazini magharibi ikafungwa, na kodi ya mishahara ya pale ikaisha au ikahamia kwingine. Kisha ikaja korona. Watu wa vitongojini wakafanyia kazi zao sebuleni, na tangu 2021 mtu wa namna hiyo akaweza kudai arudishiwe kodi ya siku ambazo hakukanyaga mjini. Na hakuna kamishna hata mmoja aliyekuwa amefuja chochote.

Jimbo nalo lilikuwa limeshajiondoa mapema. Bajeti ya Ohio ya 2011 ilikata karibu nusu ya fedha ambazo jimbo lilikuwa likizigawia serikali za mitaa. Kodi ya urithi, ambayo sehemu yake kubwa ilikwenda kwa miji, ikafutwa kuanzia Januari 2013. Nasema haya kwa sababu katika kila uchaguzi huwa kuna mgombea anayesimama na kusema tatizo ni ubadhirifu pale makao makuu ya jiji, na watu hupiga makofi. Ubadhirifu ukiwepo ufukuliwe. Lakini mtu anayetaka nimpe kura huku hajataja hata mara moja mishahara iliyoondoka, fedha za jimbo zilizokatwa na watu 125,000 waliohama, ama hajui au hataki nijue.

Tuje kwenye vipaumbele vyenyewe, maana ndilo neno lao. Zaidi ya nusu ya mfuko mkuu wa jiji huenda kwa polisi na zimamoto. Mishahara yao hupangwa kwa mikataba na vyama vyao. Sheria ya 1983 inawazuia kugoma, na wasipokubaliana na jiji mambo huamuliwa na msuluhishi ambaye uamuzi wake unafunga pande zote. Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme katika kila dola 100 za mfuko, 55 ni za usalama. Tunatakiwa kupunguza dola 5. Mgombea akiahidi kwamba zile 55 hazitaguswa, dola 5 zote zitatoka kwenye 45 zilizobaki. Hiyo ni moja ya tisa. Si tena kubana mkanda. Hapo viwanja vya michezo vinafungwa mapema, wakaguzi wa nyumba za kupanga wanapungua, barabara za pembeni zinangoja, na majani ya mzee yanafika kiunoni.

Mimi sisemi polisi wapunguzwe. Nimewahi kupiga simu usiku nikaogopa, na walipofika nilishukuru. Nataka tu mgombea aseme upande wa pili wa ahadi yake kwa sauti ileile aliyoitumia kwa upande wa kwanza. Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua, na neno hilo tulilikariri shuleni bila kuonja uchungu wake. Mimi uchungu wake niliuonja nikiwa mweka hazina.

Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kina watu wa mataifa kadhaa, na kwa miaka minne nilishika daftari lake. Mchango ulikuwa dola 20 kwa mwezi kwa kila kaya. Mtu akifiwa hapa, kikundi kinalipa kiasi tulichokubaliana. Mwili ukirudishwa nyumbani kiasi kinaongezeka, kwa sababu kusafirisha marehemu hadi Bujumbura au Dar es Salaam si gharama ya mtu mmoja. Mwaka mmoja ghala walilofanyia kazi wengi wetu lilipunguza watu. Michango ikaanza kuchelewa. Nikaitisha kikao, nikaonyesha daftari, nikasema: ama tupandishe mchango kwa wanaoweza, ama tupunguze rambirambi. Hakuna aliyetaka kusikia lolote kati ya hayo mawili. Kaka mmoja, mtu mwema kabisa, akasema, "Dada, tutumie ile akiba ya safari za miili, Mungu atusaidie." Kikao kikakubali. Nami nikakubali, na hilo najilaumu mpaka leo, maana nilikuwa na hesabu mkononi.

Miezi saba baadaye akafariki kijana wa miaka 31. Mama yake alikuwa Kigoma, anamngoja. Akiba haikutosha. Tulizunguka makanisa na misikiti ya Cincinnati na Columbus tukiomba, mwili ukakaa wiki tatu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi hatukukopa hata harusi. Tulikopa amani ya kikao kimoja.

Ndiyo maana mgombea anayesema pengo litafunikwa kwa akiba, au kwa fedha za mara moja kutoka Washington, hunitia baridi. Baada ya korona Dayton ilipata dola milioni 138 za msaada wa serikali kuu. Nyingi zilifanya kazi nzuri, mahame mengi yalibomolewa. Lakini sheria ilitaka fedha hizo ziwe zimepangiwa kazi kufikia mwisho wa 2024 na zimetumika kufikia mwisho wa 2026. Fedha ya namna hiyo inunulie kitu kinachobaki: bomba, paa, gari. Ukiifanya kuwa mshahara wa kila mwezi, siku inapokwisha yule mfanyakazi bado yupo na watoto wake bado wanakula. Kama utamuuliza mgombea wako swali moja tu kuhusu fedha hizo, muulize zilipokwisha, kazi gani zilikuwa zikilipwa nazo na sasa zinalipwa na nani.

Kuhusu kodi, mjue jambo moja ambalo wagombea hulipita haraka. Ohio haiuruhusu mji kupandisha kodi ya mishahara zaidi ya asilimia 1 bila kura ya wananchi. Kwa hiyo anayejigamba kwamba "sitapandisha kodi" anaahidi kufunga mlango ambao ufunguo wake mnao ninyi. Mwenye ujasiri ni yule anayesema: nitakuja kwenu kuwaomba, na nitawaambia ni kwa ajili ya nini.

Hilo liliwahi kufanyika. Novemba 2016 jiji likiwa linatazama pengo la mwaka uliofuata, watu waliombwa kupandisha kodi kutoka asilimia 2.25 hadi 2.5. Ilitarajiwa kuleta kama dola milioni 11 kwa mwaka. Waliambiwa wazi zitakwenda wapi: polisi na zimamoto, lami, chekechea kwa watoto wa miaka minne, na ndiyo, kukata majani kwenye viwanja vitupu. Wakakubali. Mwanangu wa mwisho alisoma chekechea kupitia mpango ule. Aliporudi siku ya kwanza akiimba herufi nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikalia, kwa sababu nilijua bei yake, ada ambayo nisingeiweza, na nilijua walioilipa ni nani.

Mimi sikupiga kura ile, sikuwa raia bado. Hapa pananiuma kwa namna nyingine. Mkimbizi anayefika leo akapata kazi ghalani wiki ijayo, mshahara wake wa kwanza unakatwa asilimia 2.5 sawa na wa mtu aliyezaliwa mtaa wa Third. Atangoja kama miaka mitano hivi kabla hajaweza hata kuomba uraia. Miaka yote hiyo analipia lami na zimamoto, na kwenye majedwali ya wagombea hayupo kama mlipaji. Akitajwa, anatajwa kama mhitaji. Mwaka 2011 kamisheni ilipitisha mpango wa Welcome Dayton, wa kuufanya mji huu uwe rafiki kwa wahamiaji, nami najua familia zilizohamia hapa kwa kusikia habari zake. Bajeti zinapobana, kazi za ukalimani na madawati ya kutusaidia huonekana kama mapambo. Ningependa mgombea ajue kwamba mtaa uliokuwa nusu mahame na sasa una maduka mawili ya unga wa mahindi na samaki wakavu ni mapato yake pia. Kila anayehamia ni kiwanja kimoja kisichohitaji mashine ya jiji.

Vikao vya kamisheni hufanyika Jumatano, mara nyingi saa mbili na nusu asubuhi. Wengi wetu saa hizo tuko zamu au tumetoka zamu ya usiku tumelala. Nimekwenda mara chache kwa kuomba ruhusa. Kuna dakika chache za wananchi kusema, na nimeona kwamba anayekuja na hesabu husikilizwa kuliko anayekuja na hasira, hata kama Kiingereza chake kinapinda. Wahenga wetu walikuwa na neno la hilo pia: mali bila daftari huisha bila habari.

Yule mama wa daftari nilimpigia kura yangu ya kwanza katika nchi hii. Mzee alipiga ya kwake pia, alikuwa ameapa uraia majira ya machipuko, na siku ya kura alivaa suti.

Kiangazi kilichofuata nilipita kwake kumpelekea dawa. Aliniongoza hadi jikoni, kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa karibu na jokofu. Alikuwa ameweka mistari kwa kalamu nyekundu, kila siku ambayo mashine ilikuja: mmoja mwezi wa tano, mmoja wa sita, miwili wa saba. Nikamwomba niichukue nikaipige nakala, tuipeleke Jumatano. Akakataa, akasema mwezi wa nane haujaisha, na bado wanaweza kuja.